Mchuma Janga Hula na wa Kwao



Wapendwa wanaparokia, yamkini baadhi yenu mtashangaa kukuta katika tafakari ya juma hili habari za sigara za kielektroniki, tena si za kuzivuta tu, bali za ule ufundi wa kuzifumua katriji zake na kuziunda upya nyumbani. Mtaniuliza: Padre, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wengi wetu tuna wana na ndugu Uingereza na Marekani, ambako ufundi huu umeenea. Na vijana walio hapa hawahitaji pasipoti ili kujifunza, kwa kuwa intaneti imejaa video za kuwaelekeza hatua kwa hatua.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Sigara ya kielektroniki ya namna tunayoijua leo ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik. Ndani yake mna betri, waya mwembamba uliosokotwa, pamba, na kimiminika chenye propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini. Betri hupasha waya moto, waya hugeuza kimiminika kuwa mvuke, naye mtu huuvuta. Katriji ndiyo sehemu inayobeba kimiminika hicho, na nyingi hutengenezwa ili zikiisha zitupwe na kununuliwa nyingine. Hapo ndipo fundi wa nyumbani anapoingia. Huifungua kwa kisu, huitoa pamba iliyoungua na kutia mpya, husokota waya mwingine, hujaza kimiminika kwa bomba la sindano, kisha huifunga kama kwamba haikuguswa.

Watetezi wa ufundi huu wana hoja tatu, nami nitazitaja kwa haki kabla ya kuzipinga. Husema kwamba wanabana matumizi. Kwamba wanajikomboa kutoka makucha ya makampuni. Na kwamba mwili ni wao, basi wengine wasiingilie.

Hoja ya kwanza ina uzito. Sisi ni watu wa kufufua vitu: tairi huwa kandambili, kopo huwa koroboi, na fundi wa mtaani huheshimika. Isitoshe, ni makampuni yaliyojaza majalala kwa vifaa vya kuvutwa mara chache na kutupwa pamoja na betri zake, hata Uingereza ikalazimika kuvipiga marufuku vile vya kutumia na kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025. Lakini tujiulize: ni kitu gani kinachookolewa hapa? Ashonaye kiatu hurudisha kitu kinachombeba mtu njiani. Afufuaye katriji hurudisha pingu. Kurefusha uraibu kwa gharama nafuu si kubana matumizi hata kidogo. Rahisi ghali, ndugu zangu.

Hoja ya pili, ya uhuru, ni nyepesi zaidi. Mtu asiyeweza kumaliza saa mbili bila kuvuta nikotini hawezi kujisifu kwamba yu huru kwa sababu tu amesokota waya wake mwenyewe. Amebadili mlinzi wa gereza, hakutoka gerezani. Najua wapo walioacha sigara za kawaida kwa njia hii, na matabibu wa Uingereza husema wazi kwamba mvutaji anayehama kabisa kutoka sigara ya moto hupata sumu chache zaidi. Sina ugomvi na ushauri huo. Ila ushauri huo unahusu bidhaa ambayo vilivyomo vinajulikana na sheria inaisimamia. Haukutolewa kwa ajili ya chupa iliyochanganywa jikoni kwa kukadiria.

Tuje kwenye hoja ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: mwili ni wangu. La hasha! Laiti janga hili lingemla aliyelichuma peke yake, tungelia naye na kumwombea. Lakini wahenga walituonya kwamba mchuma janga hula na wa kwao.

Tazameni nikotini yenyewe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 iliweka mpaka wa miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, na chupa ya kujazia isizidi mililita 10. Hizo ni miligramu 200 kwa chupa nzima. Fundi wa nyumbani, ili apate unafuu anaousifu, hutafuta nikotini kali ya miligramu 100 kwa mililita. Chupa ya mililita 100 ya nikotini hiyo hubeba miligramu 10,000, yaani sawa na chupa 50 zinazoruhusiwa na sheria, nayo huhifadhiwa katika nyumba yenye watoto. Mwezi Desemba 2014, katika mji mdogo wa Fort Plain, jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alifariki dunia baada ya kumeza nikotini ya kimiminika. Mwezi Januari 2016 Marekani ilitia saini sheria ya kulazimisha chupa hizo ziwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Sasa niambieni, bomba la sindano lililoachwa juu ya meza lina kifuniko gani? Husemwa kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Hapa anayelilia wembe ni mtu mzima, na anayekatwa ni mtoto.

Tazameni na umeme. Waya wenye ukinzani wa omu 0.1, ukiunganishwa na betri iliyojaa ya volti 4.2, hudai ampea 42. Hesabu hiyo ni ya darasani, lakini betri nyingi za lithiamu za vifaa hivi hazikuundwa kutoa hata nusu yake kwa mfululizo. Betri inayolazimishwa hupata moto, na ikizidiwa hulipuka. Mwezi Mei 2018 huko St. Petersburg, Florida, mtu mmoja aliuawa nyumbani kwake na sigara ya kielektroniki iliyolipuka, na moto ukawaka chumbani. Nguvu iliyomo ndani ya betri hizi si ya kuchezewa pembeni mwa kitanda.

Kisha mtazameni jirani, kwa maana ufundi huu hauishii kwa mwenyewe. Leo unajijazia, kesho unamjazia rafiki, kesho kutwa unauza. Mwaka 2019 ugonjwa mkali wa mapafu uliwaangusha wavutaji kote Marekani. Kufikia tarehe 18 Februari 2020, waliolazwa hospitali au kufariki walikuwa 2,807, na kati yao 68 walikwisha kufa. Wengi wao walikuwa wamevuta katriji zenye THC, kilevi cha bangi, walizozipata kwa marafiki au kwa wauzaji wa vichochoroni. Aliyeshukiwa zaidi ni asetati ya vitamini E, mafuta yaliyoongezwa ili kimiminika kiwe kizito na kionekane halisi. Vitamini hiyo mtu huimeza bila shida, lakini mapafu si tumbo. Haikosi kuwa miongoni mwa waliozijaza katriji zile alikuwapo aliyejiona fundi tu, mtu wa kawaida anayetafuta riziki.

Hapa, wapendwa, dhamiri haina pa kujificha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaiweka tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa katika mambo ambayo fadhila ya kiasi hutuepusha na utumiaji wake wa kupindukia. Baba Mtakatifu Fransisko aliamua Vatikano iache kuuza sigara kuanzia mwaka 2018, ingawa mauzo hayo yaliingiza fedha, kwa sababu faida haihalalishwi kwa kugharimu uhai wa watu. Nao majirani zetu wa Uganda walizuia sigara za kielektroniki katika sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015. Kama dola na Kanisa wameweza kukataa mapato, sisi tunashindwaje kukataa mchezo?

Basi nasema bila kumung'unya maneno. Mzazi, ukikuta waya, pamba na chupa isiyo na jina katika chumba cha mwanao, usipite kimya. Kijana, ukitaka kweli kuacha, nenda kwa tabibu, wala usiaibike. Kuomba msaada ni ushujaa. Nawe unayejaza na kuwauzia wenzako, acha leo. Usingoje kujua ulichomuuzia jirani yako siku utakayomkuta wodini akihema kwa mashine.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye amani.

Wenu katika Kristo,
Paroko