Jina la Tingatinga na Mkono wa Tingatinga



Ukifika Oyster Bay, upande wa Kinondoni, utaona picha za tembo, chui na ndege zikiuzwa, na watu wote huziita Tingatinga. Jina hilo ni la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Alichora juu ya hadibodi kwa rangi za makopo zing'aazo, zile wapakazo watu baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Basi kazi yake yote ni ya miaka minne tu.

Kwa hiyo picha zake ni chache, na bei yake ng'ambo ni kubwa. Nayo penye faida hawakosekani wadanganyifu. Je, utaijuaje iliyo ya mkono wake?

Jina lililoandikwa pembeni halitoshi, maana kuandika jina ni kazi ya dakika moja. Rangi na ubao navyo havitoshi: wanafunzi wake, kama January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia, walitumia vitu vile vile. Mnyama mmoja juu ya rangi tupu ni dalili njema, lakini dalili huigwa. Tarehe hukanusha tu: picha ya mwaka 1975 si yake.

Lililo bora ni kuuliza njia ya picha. Ununuapo shamba huridhiki na neno la muuzaji. Wauliza alilipata kwa nani, mwaka gani, na mashahidi ni nani. Na picha ni vivyo hivyo. Nani aliinunua kwanza? Iko wapi barua au stakabadhi? Kisha huilinganisha na zile zisizo na shaka.

Nawe mzazi, mwanao aliyekwenda Kinondoni au Temeke kuchora akishawishiwa aandike jina la marehemu, mwambie akatae. Kufuata namna ya mwalimu si kosa; ndivyo ufundi urithiwavyo. Kosa ni kuuza mkono wako kwa jina la mwingine. Simon George Mpata alijifunza kwa Tingatinga, akahamia Nairobi, akaandika jina lake mwenyewe. Alikufa mwaka 1984, na hoteli moja ya Masai Mara imepewa jina lake. Angaliandika la mwalimu wake, nani angalimkumbuka?