KOBE ULIYEMFUNGA UANI ANA HAKI JUU YAKO



Ndugu yangu, sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Imo katika Bukhari na Muslim. Lakini tumeizingatia? Kosa lake halikuwa kufuga. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Ukimzuia kiumbe, umejibebesha haki zake zote.

Sasa mtazame kobe wako. Umemtoboa gamba, ukapitisha kamba, unasema, "Haumii, ni gamba tu." La! Gamba lake ni mfupa ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, na lina mishipa ya fahamu. Anaumia. Paka atalia majirani wasikie. Kobe hana kilio hicho, ila Mola wake anamjua.

Tunao mfano karibu, kisiwa cha Changuu, hapo Unguja. Mwaka 1919 waliletwa kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli. Wakazaana, na kufikia 1955 walikuwa kama 200. Kisha wakaibiwa, wengine wakauzwa nje, wengine wakaliwa. Mwaka 1996 walibaki 7. Saba tu! Ndipo Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ikawajengea eneo kubwa lenye uzio, na wakaongezeka tena.

Kobe hawa asili yao ni Aldabra, ng'ambo ya bahari. Huwezi kuwafungulia mlango ukasema "nendeni kwenu". Haki yao kwetu ni ardhi, kivuli, majani, maji na ulinzi. Hiyo ndiyo amana.

Utaniuliza, "Sheikh, watu wana njaa, wewe unatuambia kobe?" Ndugu yangu, anayemhurumia kobe hamdhulumu yatima. Moyo ni ule ule. Maswahaba waliuliza kama kuna ujira kwa wanyama, na Mtume ﷺ akawajibu kwamba upo kwa kila kilicho hai.

Basi kata ile kamba leo. Usimtupe porini ovyo, huenda si kwao. Mpeleke kwa maofisa wa wanyamapori, maana hata kumfuga bila kibali ni kosa. Kabla hujampeleka, mpe nafasi ya kutembea, kivuli na maji.

Ewe Mola, usitufanye sababu ya mateso ya kiumbe asiyeweza kusema. Aamiin.

Wallahu a'lam.