Orodha yenye walinzi wengi haifi

Wandugu vijana wa Kasongo na Kabambare,

Mwanafunzi anaandika TFC yake. Anatafuta makala moja ya sayansi, anaiona kwa intaneti, lakini mlango umefungwa: lipa kwanza, mara nyingi dola 30 na zaidi. Atazitoa wapi? Ndiyo maana wengi wanapita njia ya magendo: Sci-Hub, iliyofunguliwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan, ao Z-Library.

Wakubwa walijaribu kuzifunga. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru Sci-Hub ilipe kampuni Elsevier dola milioni 15. Novemba 2022 serikali ya Marekani ikakamata anwani nyingi za Z-Library, na Warusi wawili wakafungwa Argentina. Lakini vitabu havikupotea. Ju ya nini? Anwani ni kibao cha mlangoni tu; ukiking'oa, nyumba iko palepale. Na watumiaji wako na orodha yao: anwani ikikufa, mmoja anasema, mwingine anaandika mpya, na kila mtu anachukua kopi. Hakuna shefu mmoja wa kukamata ili orodha iishe.

Hatuwaambii muibe. Mwanamuziki wetu ambaye nyimbo zake zinauzwa kwa flashi bila yeye kupata hata franka, huyo anaumia kweli, na sheria ya mwaka 1986 juu ya haki za watunzi inamlinda kwa karatasi tu. Tunachosema ni hiki: tuchukue ile desturi ya kulinda pamoja, tuache wizi.

Tena mlango halali uko. Research4Life, ya mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji, Elsevier wakiwemo, inafungulia vyuo vya nchi maskini makala bure, na Congo yetu imo. Lakini mtu mmoja hawezi kujiandikisha. Chuo ndicho kinaandikishwa.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Wakubwa wa vyuo vya juu vya kwetu: kama chuo hakijaandikishwa, kiandikishwe. Kama kimeandikishwa, mubandike ukutani namna ya kuingia, kila mwanafunzi aone.

2. Vijana: tutengeneze orodha ya vitu vya bure na halali, kama sheria za inchi zilizo kwa leganet.cd, majarida yaliyo wazi, maswali ya zamani ya Egzamen d'Eta.

3. Orodha ikae mahali patatu: grupu ya WhatsApp, kadi ya memwari, na karatasi. Mukumbuke tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi: intaneti ilikatwa inchi nzima karibu siku 20. Aliyekuwa na kila kitu mtandaoni alibaki mikono mitupu.

4. Kila mtaa utoe walinzi wawili, si mmoja. Kila mwanzo wa mwezi wapime anwani moja moja, waandike tarehe.

Ndugu, usingoje jina lako liitwe. Ukiona anwani imekufa, sema. Ukipata mpya, andika.