Mshauri Naye Ashauriwe na Nani?



Katika kila mtaa wa miji yetu ya pwani hakukosi mama ambaye mlango wake haufungwi. Kwake huja biarusi aliyeshindwa na wifi zake, huja mzazi ambaye mwanawe ameingia katika mihadarati, huja msichana mwenye neno asiloweza kumwambia mamake. Siku hizi baadhi ya madrasa na misikiti imeanza kuipanga kazi hii rasmi, na kuteua walezi wa vijana na washauri wa ndoa. Jambo hilo twalifurahia. Lakini liko swali ambalo ni nadra kulisikia katika vikao vya uteuzi: huyu anayewabebea watu mizigo yao, wake yeye ataupeleka wapi?

Wenye taaluma walilishughulikia swali hilo zamani. Mjini Berlin, katika kliniki ya tiba ya nafsi iliyofunguliwa mwaka 1920, mwanafunzi hakuachiwa wagonjwa peke yake. Ilimlazimu kuieleza kazi yake mbele ya mwalimu aliyemtangulia. Katika miaka ya 1950, Michael Balint aliwakusanya madaktari wa kawaida mjini London ili wazungumze juu ya wagonjwa waliowatatiza, na pia juu ya yale yaliyowapata wao wenyewe nyoyoni walipokuwa wakiwahudumia. Leo desturi hiyo imewafikia hata wakufunzi na walezi wa watu makazini, na huitwa usimamizi wa kitaalamu. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2014 imewawekea washauri nasaha na wanasaikolojia bodi yao. Mama wa mtaani, asiye na cheti wala mshahara, hubaki na baraza yake tu.

Neno usimamizi lisimtishe mtu. Mkaguzi huja kutafuta kosa. Msimamizi huketi akasikiliza, kisha akauliza maswali ambayo mshauri hakujiuliza. Wala si jambo geni kwetu. Wazee wetu walikuwa na makungwi, na juu ya makungwi alikuwako nyakanga.

Tuchukulie mshauri aliyeachwa na mume bahili, na jeraha lake halijapona. Anamjia mke kijana akilalamika kuwa mumewe hatoi matumizi ya kutosha. Kabla maneno hayajesha, hukumu imekwisha kutoka: huyu ni kama yule wangu, dawa yake ni talaka. Mtaa wa pili yuko mwingine, aliyestahamili ndoa ngumu hadi ikanyooka. Yeye kila amjiaye humwambia astahamili, hata yule mwenye alama za vidole shingoni. Wote wawili ni watu wema, nao wakusudia heri. Lakini kila mmoja anasimulia maisha yake mwenyewe akidhani anashauri, na hapana awezaye kumwonyesha hilo. Kinyozi hajinyoi. Msimamizi angewauliza swali moja tu, nalo lingetosha: haya uyasemayo, ni ya mke huyu au ni yako wewe?

Tena kuna uchovu. Anayesikiliza misiba ya watu mwaka mzima huanza kukosa usingizi, akawa mkali kwa wanawe, au moyo ukafa ganzi asiweze tena kumwonea mtu huruma. Mitaani husemwa amebadilika, amejiona. Kumbe amelemewa.

Hapa pana kipingamizi kizito, nacho chatoka kwa kina mama wacha Mungu: kulipeleka neno la mtu kwa mwingine, si ghiba hiyo? Wasiwasi wao ni wa haki. Lakini Imam an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, amezitaja sababu 6 zinazoihalalisha ghiba, na mojawapo ni kutaka fatwa. Dalili yake ni Hind bint Utba, aliyemlalamikia Mtume (S.A.W.) juu ya ubahili wa mumewe, Abu Sufyan. Pamoja na ruhusa hiyo, Imam aliona bora zaidi ni kuuliza juu ya mtu mwenye hali kadha wa kadha, bila ya kumtaja jina. Wasimamizi wa kitaalamu nao huitunza siri ya mtu kwa njia iyo hiyo. Katika miji midogo kama Faza au Siyu, hata hivyo, kuficha jina hakutoshi, kwani kisa chenyewe humtambulisha mwenyewe. Huko yafaa msimamizi atoke mji mwingine. Na mwenye shida aambiwe mapema kuwa mshauri wake ana wa kumuuliza.

Kuanza si kugumu. Kina mama watatu au wanne wa ujirani wakutane mara moja kwa mwezi na mshauri nasaha mwenye leseni, na kamati ya msikiti imlipe. Kamati zetu zaweza kuchangisha fedha za mahema na vipaza sauti kwa siku mbili, hatuoni udhuru.

Yako mambo yasiyongoja kikao cha mwezi. Mtoto akidhuriwa, au akihofiwa kudhuriwa, mshauri asikae nalo hata usiku mmoja kwa kuchelea aibu ya ukoo. Apige nambari 116, ya kuwasaidia watoto. Haitozwi malipo, nayo hupokewa mchana na usiku.