Akiba ya watu isilale katika mashine moja

JUMAMOSI ijayo wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo, kilicho hatua chache kutoka Arua Park hapa Kampala, watakutana kuamua jambo ambalo wengi wao wanaliona ni la mafundi tu. Kamati imeleta mezani mapendekezo matatu kuhusu mashine zinazotunza hesabu zetu. Mimi ni mmoja wa wanakamati, na kwa kuwa mkutanoni kila msemaji hupewa dakika tano, nimeona niyaseme hapa yale ambayo dakika tano hazitayatosha.

Kwanza nijieleze, msomaji asije akadhani anafundishwa na mhandisi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Chumba cha kompyuta cha shule yetu nilikabidhiwa kwa sababu kijana aliyekitunza alipata kazi Dubai akaondoka, na hakukuwa na mwingine aliyetaka kuushika ufunguo. Nilijifunza kwa kuharibu. Chama kiliposikia kuna mwalimu anayejua kuwasha seva, kikanivuta kwenye kamati.

Ipo na sababu nyingine. Mwaka 1987 baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Teso, alituvusha mpaka wa Malaba tukiwa na nguo na sufuria mbili. Nilisoma Kitale hadi nikamaliza kidato cha nne. Tuliporudi mimi nilikuwa na vyeti vyangu vya Kenya. UNEB ikavilinganisha na vya hapa nyumbani, nikaendelea. Baba hakuwa na kitu. Cheti chake cha ualimu kiliungua pamoja na nyumba, na ofisi iliyopaswa kuwa na nakala ilimjibu maneno mawili tu, mwaka baada ya mwaka: faili halipo. Alifuatilia mafao yake kwa miaka 11. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlirudi kutoka Kongo, Sudan au Kenya, na maneno hayo mmekwisha kuyasikia dirishani.

Sasa turudi chamani. Tulikuwa na kompyuta nne za seva: moja ya hesabu, moja ya alama za vidole, moja ya kutuma ujumbe wa simu, na moja ambayo hakuna aliyejua kazi yake lakini kila mtu aliogopa kuizima. Usiku mmoja wa mwaka 2023 umeme ulikatika, ukarudi alfajiri kwa kishindo, na ile ya hesabu haikuamka tena. Nakala ya akiba ilikuwapo, ndiyo, katika diski ya nje iliyochomekwa kwenye mashine hiyo hiyo. Zikafa zote mbili. Kosa lilikuwa letu wanakamati na sina wa kumsukumia.

Kwa wiki tatu tuliandika upya hesabu kutoka kwenye vitabu vya akiba vya wanachama na jumbe zilizobaki katika simu zao. Mama mmoja anayepeleka unga Juba kupitia Elegu alikuwa amekwisha kupakia lori. Alitaka kutoa fedha zake za ushuru na mafuta, na hatukuweza kuthibitisha ana kiasi gani. Lori lililala siku sita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila tulilifungia chumba kimoja na moto.

Hapo ndipo linapokuja suala la kile mafundi wanachokiita mashine pepe. Msomaji wa Kampala atanielewa upesi. Vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu tunaviita mizigo. Kiwanja kimoja, paa moja, mita moja ya Yaka, lakini kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, na ugomvi wa chumba cha tatu haumwamshi wa chumba cha tano. Seva moja yenye nguvu huweza kugawanywa vivyo hivyo. Ndani yake zinaishi mashine pepe nne au kumi, kila moja ikijiona ina kompyuta nzima. Mwenye nyumba anayegawa nafasi ni programu iitwayo haipavaiza. Wazo si geni: kampuni ya IBM ililianza miaka ya 1960 na kulitoa sokoni kama VM/370 mwaka 1972, na VMware ikalileta kwenye kompyuta za kawaida kuanzia mwaka 1999.

Faida iliyo dhahiri ni ya umeme. Seva nne kuukuu zikila wati 250 kila moja ni kilowati moja usiku na mchana, yaani uniti 24 kwa siku, kabla hujawasha feni. Kazi yote hiyo huingia katika mashine moja ya kisasa na nafasi ikabaki. Lakini kwangu mimi hiyo si faida kubwa. Kubwa ni kwamba mashine pepe, pamoja na programu zake na hesabu zake zote, ni mafaili tu. Unaweza kuyanakili, ukayabeba, ukayawasha katika mashine nyingine ya aina tofauti kabisa ndani ya dakika chache. Mpangaji anahama na chumba chake. Lau tungekuwa hivyo mwaka 2023, lile lori lisingelala hata usiku mmoja.

Basi ni mapendekezo gani hayo matatu?

La kwanza ni kununua VMware. Sisemi bidhaa hiyo ni mbaya. Mabenki mengi duniani yanaitegemea, na fundi aliyeisomea haadimiki hapa mjini. Taabu yangu ni mkataba. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ya Marekani ilikamilisha kuinunua VMware, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Siku hizi ni malipo ya muda, yanayohesabiwa kwa viini vya prosesa, na kila prosesa huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama yako ina vinane. Waliokuwa na toleo la vSphere 7 walifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025. Chama kinachokusanya shilingi za wauza nguo na unga kitawezaje kufunga shingo yake kwenye bei ya dola ambayo mwenye bidhaa huibadilisha apendavyo? Kampuni kubwa ikipandishiwa bei hulalamika ikalipa. Sisi tutakatia wapi, kwenye mikopo ya wanachama?

Hapa niseme neno juu ya Hyper-V ya Microsoft, maana mjumbe mmoja ataiuliza. Programu yetu ya hesabu inatumia Windows, kwa hiyo leseni ya Windows Server tutailipa kwa vyovyote. Ile ya Standard inaruhusu mashine pepe mbili za Windows katika seva iliyolipiwa viini vyake vyote. Anayetaka ya tatu analipa tena. Wauzaji wengi hawakuambii hilo mpaka siku ya ukaguzi.

La pili ni kupeleka kila kitu kwenye wingu, yaani kukodi seva za watu walio ng'ambo na kuzifikia kwa intaneti. Vijana wa kamati wanalipenda, na wana hoja: hakuna mashine ya kununua wala panya wa kutafuna nyaya. Lakini itakumbukwa kwamba kuanzia Januari 13 hadi 18 mwaka 2021, wakati wa uchaguzi, nchi hii haikuwa na intaneti. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Mfanyabiashara aliyesimama Mpondwe na mzigo hana nafasi ya kusubiri meli ya kuunganisha nyaya. Hesabu za kila siku na ziwe karibu na dirisha la malipo. Wingu nalikubali kama ghala la nakala, au tukodi nafasi katika kituo kikubwa cha hapa hapa kama kile cha Raxio kilichofunguliwa Namanve mwaka 2021, lakini si kama dirisha lenyewe.

La tatu ndilo langu. Tununue seva mbili za wastani zinazofanana, tuweke programu huria ya Proxmox, iliyotoka mwaka 2008 huko Vienna, Austria. Ndani yake kuna KVM, ambayo imekuwa sehemu ya Linux tangu mwaka 2007. Haina ada ya leseni. Anayetaka huduma ya wenyewe analipia, asiyetaka anatumia hivyo hivyo.

Wapo watakaosema cha bure ni ghali. Wana haki, na nitawaeleza ughali wenyewe uko wapi, kwa kuwa nimeuonja shuleni. Uko kwenye ujuzi. Mfano ni huu wa seva mbili. Mtu hudhani mbili zinatosha: moja ikifa, nyingine ichukue kazi. Sasa waya ulio kati yao ukikatika, kila moja itadhani mwenzake amekufa, na zote mbili zitataka kuwa mkubwa wa nyumba. Zikiandika amana mbili tofauti katika hesabu moja, hakuna malaika wa kuzipatanisha. Ndiyo maana mfumo hudai wingi wa kura, na kura mbili hazina wingi moja ikinyamaza. Dawa ni mpiga kura wa tatu, na anaweza kuwa kikompyuta kidogo kisichofanya kazi nyingine yoyote. Shuleni sikulijua hilo. Seva moja ilipozimika, nyingine ilikataa kuwasha chochote, na mimi nikaketi sakafuni saa tatu nikisoma maelekezo kwenye simu huku mwalimu mkuu akisubiri mlangoni.

Mfano wa pili. Proxmox huweza kunakili mashine pepe kutoka seva hii hadi ile kila baada ya dakika 15. Ni jambo zuri, ila maana yake ni kwamba seva ikifa ghafla, amana za dakika 15 zilizopita huenda zikapotea. Shule inaweza kuvumilia. Chama cha akiba hakiwezi, isipokuwa mweka hazina aendelee kutoa stakabadhi za karatasi na kuandika katika vitabu vya wanachama. Ninasisitiza vitabu hivyo visifutwe, hata kama vijana wanatucheka. Ndivyo vilivyotuokoa.

Tena, kunakili huko si nakala ya akiba. Karani akifuta hesabu kwa bahati mbaya saa nne, saa nne na robo imekwisha kufutwa kote kuwili. Virusi vya kudai fidia navyo vitanakiliwa kwa uaminifu ule ule. Hata ile picha ya mashine iitwayo snapshoti inakaa kwenye diski ile ile, na diski ikifa inakwenda nayo. Tunahitaji nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na jengo hili.

Anayeona natia chumvi akumbuke Jengo Kuu la Makerere, lililosimama tangu mwaka 1941, lilivyoungua usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020. Jirani yangu aliyesoma pale hakuuliza habari za paa. Aliuliza rekodi za mitihani ziko wapi. Na hata nchi zilizoendelea hazikupona: Septemba 26, 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini kilichoko Daejeon kilishika moto, na mafaili ya watumishi wa umma kiasi cha terabaiti 858 yakapotea kwa sababu hayakuwa na nakala mahali pengine. Kama Korea ilisahau, kamati ya watu saba wa Arua Park itasahau nini?

Kuhusu umeme sina maneno mengi. Eneo hili la Ziwa Victoria lina radi nyingi mno, kwa hiyo kinga ya radi na waya wa ardhini vitangulie kununuliwa kabla ya seva yenyewe. Betri ya UPS iwe ya kuwasiliana na seva, ili chaji ikishuka mashine pepe zizimwe kwa adabu, moja baada ya nyingine. Betri inayokaa kimya hadi ikaisha ni mshumaa tu. Baridi ya Kampala inatusaidia. Wenzetu wa Juba na Mombasa watahitaji kiyoyozi kikubwa zaidi.

Neno la mwisho ni juu ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde. Alama za vidole za wanachama 600 tunazo sisi, wala si fundi anayekuja kwa boda boda tukimpigia simu. Kwa sasa neno la siri la seva ninalijua mimi peke yangu, na mimi ninaweza kugongwa kesho pale Wandegeya. Sitaliunga mkono pendekezo langu mwenyewe ikiwa mkutano hautatoa fedha za kuwasomesha makarani wawili, na ikiwa hautaridhia kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tuichukue nakala ya akiba, tuiwashe katika seva ya pembeni, na mwanachama yeyote aliyepo atajiwe salio lake kutoka humo.

Mkutano utaanza saa nne asubuhi. Njooni na vitabu vyenu vya akiba, maana jaribio la kwanza tutalifanya siku hiyo hiyo, mbele yenu, kabla ya kura kupigwa.