Dawa Tumekwisha Kuilipia

Ndugu wananchi wa Karagita, tangu Oktoba 2024 mshahara wa kila mfanyakazi wa mashamba ya maua hukatwa asilimia 2.75 kwa Bima ya Afya ya Jamii. Kwa nini, basi, mgonjwa apewe cheti badala ya dawa, aambiwe akanunue dukani?

Tulikwisha kuyaona haya. Serikali ilipoanzisha ada za hospitali Desemba 1989, maskini walibaki majumbani na maradhi yao, hata ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa 1990. Mwaka 2013 ada za zahanati zilifutwa. Lakini zahanati isiyo na dawa ni ada iliyorejea kwa mlango wa uani.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya afya. Twaidai Kaunti ya Nakuru ibandike mlangoni mwa kila zahanati orodha ya dawa zilizopokelewa, siku zilipofika na siku zilipokwisha. Nanyi waumini, isomeni orodha hiyo kanisani kila Jumapili. Sadaka huombwa, haki hudaiwa.