Tuteremke na Mto Tana: Maoni Kuhusu Ziara za Chama Chetu

Katika nchi za Kusini Mashariki mwa Asia imeshamiri biashara ya kuwasafirisha watalii kwa meli katika Mto Mekong. Msafiri hupanda meli nchini Kambodia au Vietnam, akalala humo siku kadhaa, akateremshwa kila mchana katika mji au kijiji fulani. Huko huona masoko, mahekalu na wafumaji, akapiga picha, kisha jioni akarejea chumbani mwake. Nilisoma habari hizo nikiwa likizoni nyumbani Katangi, mahali ambapo kwa miezi mingi ya mwaka kijito ni mchanga mtupu, na mwenye kutaka maji huuchimba mchanga huo. Kwanza nilicheka. Kisha nikajiuliza: je, sisi wanafunzi wa Kiswahili, tunapofanya ziara yetu ya kila mwaka, tunatofautianaje na watalii wale?

Makala hii fupi inakusudia kutetea hoja moja: kwamba ziara ya chama chetu iache kuanzia na kuishia ufukweni, na badala yake ifuate mto. Mto ninaoupendekeza ni Tana, kutoka Masinga hadi Kipini. Sababu yangu haihusu mandhari. Inahusu jinsi tunavyokifahamu Kiswahili na jinsi tunavyojifahamu sisi wenyewe ndani ya lugha hiyo.

Ziara zetu zina utaratibu unaojulikana. Basi huondoka usiku, asubuhi tukawa pwani. Tunazungushwa katika mitaa ya kale, tunasikiliza mhadhara mmoja, tunaogelea, tunarudi. Katika ziara ya kwanza niliyoshiriki, mwenyeji mmoja aliniuliza nitokako. Nilipomjibu, alitabasamu akasema, "Ndiyo maana. Hicho ni Kiswahili cha kuazima." Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, lakini neno hilo sikulisahau. Lililoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na jibu. Miaka yote ya masomo nilikuwa nimeamini picha ile ile: Kiswahili ni mali ya ukanda mwembamba wa pwani, na sisi wa bara ni wakopaji tunaopaswa kurudisha deni kwa kupata alama nzuri katika mtihani.

Leo ningemjibu kwa kumtajia mito miwili. Wa kwanza ni Athi. Mto huu hutoka katika nyanda za karibu na Nairobi, ukapita katika nchi ya Ukambani, ukaandamana na uwanda wa Yatta, ukaungana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha ukaingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kila mwanafunzi wa isimu amelisikia jina hilo la mwisho. Wanaisimu waliolichunguza chimbuko la Kiswahili, akiwamo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993, hukiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki, pamoja na lugha za Komoro, za Mijikenda, Kipokomo na Kimalakote. Kwa hiyo, tunapotaka kuitaja jamii ya karibu kabisa ya Kiswahili, tunaitaja kwa jina la mto ambao maji yake yamepita kwetu kwanza. Sidai kwamba Kikamba kimo katika kundi hilo, hakimo. Ninalosema ni kwamba mpaka kati ya "bara" na "pwani" tunaouchora katika insha zetu, maji hayautambui.

Mto wa pili ni Tana wenyewe, na kisa chake kinaigusa Yatta moja kwa moja. Mwaka 1851 mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amechapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka uliotangulia, alisafiri kutoka Rabai kuja Yatta kwa nia ya kuanzisha kituo. Kutoka huku aliandamana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba ambaye misafara yake ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Mombasa, wakaelekea Tana. Karibu na mto wakavamiwa, na Kivoi akauawa. Krapf alibaki peke yake porini. Alipofika mtoni alikunywa, akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa darubini, akaanza safari ya kurudi akijificha. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Sisi tunaifahamu kamusi hiyo, lakini ni wangapi kati yetu wanaofahamu kwamba mtungaji wake aliponea chupuchupu katika nchi yetu? Aidha, ni wangapi wanaojiuliza Kivoi na wapagazi wake walizungumza lugha gani walipofika Mombasa? Mkamba alikuwa njiani kwenda pwani zamani kabla ya shule kumfundisha ngeli.

Sasa tuifikirie safari yenyewe. Tungeanzia Masinga, katika kaunti yetu, kwenye bwawa lililokamilika mwaka 1981, ambalo ndilo la juu kabisa katika mfululizo wa mabwawa ya umeme ya Tana. Tungeshuka hadi Garissa, ambako Kiswahili hutumiwa sokoni na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kisomali. Tungewasikiliza Wamalakote, ambao lugha yao, ingawa ni ya Kibantu, imeathiriwa sana na lugha za Kikushi za majirani. Kutoka Hola hadi Garsen tungekuwa miongoni mwa Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, na Waorma, wafugaji. Wapokomo huuita mto huu Tsana. Lahani ya wimbo wetu wa taifa, tunaousimamia tangu uhuru wa mwaka 1963, imetokana na wimbo wao wa kubembelezea watoto. Mwisho tungefika kwenye delta na Kipini, katika nchi inayohusishwa na visa vya Fumo Liyongo. Tungefika pwani kwa mlango wa nyuma, na kila kijiji tulichopitia kingekuwa kimetutayarisha masikio. Nani basi angetwambia kwamba tumeazima?

Hata hivyo, kuna hatari ninayopaswa kuitaja. Safari ya mto haiwi ya maana kwa sababu tu ni ya mto. Mwaka 1889 Mjerumani Carl Peters alipandia kingo za Tana hii hii akiwa na bunduki, akaacha maiti nyuma yake. Mwaka 1891 Mwingereza F. G. Dundas aliupanda kwa meli ndogo iliyoitwa Kenia, akichunguza kama mto ungefaa kuwa njia ya kampuni iliyotaka kuitawala nchi. Mtalii wa leo hana bunduki wala bendera, lakini naye huviona vijiji akiwa juu ya sitaha. Anayemtazama mwenzake kutoka sitahani humwona, ila hamsikii. Linganisha na boti za Mto Kongo kati ya Kisangani na Kinshasa, ambamo abiria hukaa siku nyingi wakipika, wakiuza, wakinunua samaki kwa watu wa mitumbwi wanaokuja ubavuni. Humo hakuna mtazamaji. Kila mtu ana shughuli, na lugha ndiyo inayozifanya shughuli hizo zifanyike.

Fasihi yetu wenyewe inatufundisha namna ya kusafiri. Mwishoni mwa karne ya 19, Waswahili kama Selemani bin Mwenye Chande na Salim bin Abakari walisimulia safari zao za bara na za nchi za mbali. Masimulizi hayo yalikusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Naye Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyeandamana na Stanley kuufuata Mto Lualaba mwaka 1876, alituachia habari za maisha yake kwa Kiswahili. Si kila jambo katika maandishi hayo ni la kujivunia, kwa kuwa biashara ya watumwa imo. Lakini utanzu huo upo, na tumeuacha ulale. Tunahakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Ni nadra mwanafunzi kuombwa aandike safari.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Watasema Tana haupitiki kwa meli kutoka juu hadi chini. Ni kweli: kuna mabwawa, maporomoko, mafungu ya mchanga, mamba na viboko. Ndiyo maana sipendekezi meli. Napendekeza basi, miguu, na mtumbwi pale tu wenyeji wenyewe wanapouona kuwa salama. Watasema kuna hatari, nao hawatakosea. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma walipigana katika delta na watu wengi wakafa. Wakati wa mafuriko ya mwaka 2024 boti ya abiria ilizama karibu na Garissa. Kwa hiyo safari ifanywe wakati wa kiangazi, kwa idhini ya utawala na kwa mwaliko wa shule za huko. Watasema pia gharama ni kubwa. Sidhani inazidi sana hoteli ya ufukweni, iwapo tutakubali kulala katika mabweni ya shule na kula wanachokula wenyeji.

Kwa hayo basi, naiomba kamati ya chama ilifikirie pendekezo hili katika mkutano mkuu ujao: wanafunzi 20, siku nane, vituo vitano, na sharti kwamba kila mshiriki arudi na masimulizi ya kurasa kumi kuhusu mtu mmoja aliyemsikiliza. Nawaomba walimu wetu nao waipe kazi hiyo alama, kwa kuwa tunajua sote kisichotahiniwa husahauliwa.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nikirudi Katangi baada ya safari hiyo, nitaukuta mchanga wa kijito chetu pale pale. Lakini mvua ikinyesha na maji yakaanza kutiririka, nitajua yanakwenda kwa nani, na wanayaitaje.